Ncha Iliyochomekwa Ndani

Ziwani, Mtwara
20 Aprili 2025

Kwa shemeji yangu Gaudensi,

Tumsifu Yesu Kristo. Naanza na salamu ya kwenu kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuiitikia, na kila nilipokosea mume wangu Idrisa alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Masasi, na Felista na watoto hawajambo. Sisi huku tunapumua. Mihogo imeshika vizuri. Eda yangu imekwisha, kwa hiyo sasa naweza kutoka mwenyewe kwenda kutuma barua.

Nimesikia umeacha ufundi, na kwamba hata baiskeli ya jirani hukubali kuigusa breki. Aliyenieleza alikuwa anacheka. Mimi niliingia ndani.

Shemeji, nalikumbuka lile gari lenu la mbio tangu likiwa mabati matupu pale gereji ya Ufukoni. Watu waliliita jeneza la kukodi, na Idrisa akawajibu kuwa wao wamezoea magari ya kusukumwa. Nilikuwa nawaletea uji, nakukuta umelala chini yake, miguu tu inaonekana. Ulinieleza kama unamweleza mtoto: mchanga wa Msimbati maji yakipwa ni mgumu kama sakafu, lakini umelowa. Gari likiwa kwenye kasi mliyoitaka, dereva akikanyaga breki ghafla magurudumu yanakaba hayazunguki, linaserereka kisha linabiringika. Ndiyo maana mlitaka mwavuli wa kitambaa nyuma, ufunguke, ushike upepo, ulivute gari mpaka lipunguze mwendo. Ulimwimbisha Idrisa maneno yale mpaka nami nikayashika: mwavuli kwanza, mguu baadaye. Niliushona mwenyewe kwa cherehani yangu, na wewe ukawa unaukunja kwa mikunjo ya kwenda na kurudi, hutaki mtu mwingine aguse.

Siku ile ya kulijaribu Msimbati ulimuuliza kama mwavuli umekunjwa. Akakujibu umekunjwa. Maji yalikuwa yanakaribia kurudi, begi la mwavuli lilikuwa limeshafungwa, ukamwamini. Tuliona wote alipovuta kamba. Furushi lilidondoka, likaburutwa mchangani kama kiroba cha muhogo, halikufunguka. Akakanyaga breki. Hayo mengine uliyaona, na mimi niliyaona.

Mazikoni baba yake mdogo, Mzee Sudi, alisema mbele ya watu kuwa mtu wa kuja amemuua mtoto wao kwa breki mbovu. Ulisimama nje ya ua, kofia mkononi, hakuna aliyekukaribisha hata maji. Nilikuwa ndani na wanawake. Nilikuona kwenye upenyo wa makuti.

Sasa nikwambie ninalolijua.

Nikiwa edani, mama yangu mzazi alikuwa ananiliwaza kwa kumsifu mkwewe. Akanieleza kuwa usiku wa kuamkia siku ile mvua ilimtishia, korosho zake zimeanikwa uwanjani, turubai lake limechanika. Idrisa alikuwa amelala kwake ili asubuhi ampeleke Msimbati kutazama. Akatoa kitambaa cha ule mwavuli wa gari, akamfunikia korosho kwa mikono yake. Alfajiri mama akakikung'uta, akakikunja, akamkabidhi. Idrisa akakipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mama, umenikunjia vizuri kuliko fundi." Mama ananisimulia hayo huku anatabasamu. Kisha akasema, "Nilimchomekea ncha ndani, isimfungukie njiani."

Shemeji, mama hukunja hivyo kila kitu. Kanga, shuka, mfuko wa sukari: mraba, halafu ncha ya mwisho anaichomeka ndani. Nimekua nikiziona nguo hizo. Nilimwomba kijana wa gereji aniletee begi. Kitambaa kilikuwa vilevile, mraba, ncha ndani, na maji ya mabibo yaliyobaki kwenye korosho yamekauka kati ya mikunjo yakashika kama gundi. Kilinuka mabibo.

Nakijua kilichomzuia. Mama alikuja nasi Msimbati, akaketi kwenye mkeka karibu na gari, amevaa kanga mpya. Idrisa angekikunjuaje kitu alichokunja mkwewe, mbele ya macho yake? Kwetu hiyo ni kumkagua, ni kumwambia hujui. Aliona haya. Alikufa kwa adabu yake, shemeji, na adabu hiyo sote, waliomlea, waliomwoza na mimi, tulimsifia.

Eda ilipokwisha nilikwenda kwa Mzee Sudi nikamweleza yote nikiwa nimepiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Gaudensi ana kwao, amesharudi. Mama yako atakwenda wapi?" Akaniambia nisiirudie habari hiyo.

Nikamwambia mama. Hakulia. Aliomba begi, akakitazama kitambaa bila kukigusa. Kesho yake akajifunga kanga, akaenda mwenyewe barazani kwa Mzee Sudi akawaambia wanaume waliokaa pale kuwa fundi hana kosa, kosa ni la mikono yake. Walimwitikia kwa upole, wakamwagiza mtoto amrudishe nyumbani. Wakasema msiba umemzidi. Tangu siku hiyo mama hakunji kitu. Kanga zake zimelala rundo kitandani, na nikizikunja mimi anazikunjua.

Kwa hiyo hapa kwetu bado wanasema breki za Gaudensi. Sitakudanganya kuwa wataacha. Lakini breki zako zilikuwa nzima. Zilikanyagwa kabla ya wakati wake kwa sababu hapakuwa na kingine cha kupunguza mwendo. Kitambaa sijakifua, na siku ukija utakiona kilivyo. Kama hutaki kuja, msomee Felista haya, kisha mtengenezee jirani baiskeli yake.

Mama anakusalimu. Alitaka niandike na jingine, akashindwa kulisema. Wasalimie watoto, wadogo kwa wakubwa.

Nawe ukimwombea Idrisa kwa dini yako, unikumbuke na mimi.

Shemeji yako,
Tatu