Kabla Nyumba Kubwa Haijapanda

Jumatatu, 10 Machi
Ng'ombe amekunywa. Jembe limenolewa. Mvua ya pili imenyesha, na hapa kwetu nje ya Pap Onditi kila mtu ameinama shambani isipokuwa mimi. Mbegu ziko kwenye ndoo. Namngoja shemeji Odhiambo, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Kwa mila yetu nyumba kubwa, yaani ya kaka mkubwa, ndiyo hutangulia kupanda. Kila mwaka yeye au mkewe huja kutoka mjini, Nyalenda, wanapanda mistari mitatu upande wao, wanakunywa chai, wanarudi. Ndipo napanda mimi. Nimempigia. Anasema kesho.

Alhamisi, 13 Machi
Kesho yake haijafika. Simu imezimwa.

Jumamosi, 15 Machi
Dalali amekuja na mtu mwenye viatu safi. Wamepima shamba lote kwa hatua, mpaka kwenye kaburi la mume wangu. Nikauliza kuna nini.
"Mama, title iko kwa jina ya mzee, baba ya bwana yako, na mzee alikufa. Mkubwa amekubali kuuza. Buyer anataka shamba haina kitu ndani."
Watarudi Jumamosi ijayo. Sasa najua kwa nini shemeji haji. Mjanja yule! Amenifunga mikono kwa mila yetu wenyewe.

Jumapili, 16 Machi
Mahubiri sikuyasikia. Baada ya ibada nilimwendea chifu. Anasema kukiwa na mazao, atawazuia. Shamba likiwa tupu, atasema nini? Lakini nikimtangulia mkubwa, nimeita chira, laana ya kuvunja mila, na chira huanza na watoto. Mimi siamini mambo hayo. Halafu mwanangu Ouma anakohoa, naamini.

Jumatano, 19 Machi
Nimebeba jembe. Nimefika. Nimesimama. Nimerudi nalo. Najichukia.
Nimempigia mke wa shemeji, Mama Beryl, anayeuza omena, dagaa wa ziwani, huko Dunga. Nikamwita mwizi pamoja na mumewe. Akakata simu.

Ijumaa, 21 Machi
Mama Beryl amekuja. Peke yake, leso bado inanuka omena. Chai alikataa. Alikwenda upande wao, akavua ndala, akapanda mistari mitatu haraka haraka. Mumewe hajui. Nikamuuliza atamwambia nini.
"Ataniuliza, nitamjibu. Na mimi nikikufa, Mama Ouma, watanizika wapi? Huko Nyalenda tunalipa rent tu."
Nilitaka kumwomba msamaha kwa yale ya simu. Alikuwa ameshashika njia.
Nilipanda mpaka giza likaniondoa.

Jumamosi, 22 Machi
Nimeamkia shambani tena. Dalali na mnunuzi walikuja saa nne, nami chifu nilikuwa nimeshamwita. Chifu aliitazama mistari, yao na yangu, akamwambia dalali hakuna kuuza mpaka mavuno, na kabla ya hapo familia nzima ikae mbele yake. Gari likageuka.
Ni miezi michache tu. Lakini ni yangu.
Mama Beryl hapokei simu. Nimempigia mara nne. Naogopa.
Jioni nilipita upande wake. Kwa haraka yake alikuwa ameacha mashimo mawili wazi. Nimetia mbegu, nimeyafukia.