Damu Kwenye Beseni

Alhamisi, siku ya tatu tangu operesheni

Daktari aliyemtoa mwanangu nyama za pua alituonya: Nashipae akitapika damu, msingoje, mleteni mbio. Leo mchana nimetoka kuanika nguo, nikarudi nikamkuta ameinamia beseni, na ndani ni damu.

Nilipiga nduru. Mama mkwe, aliyefika asubuhi kutoka Kisaju na kibuyu chake, hakushtuka.

"Mama Nashipae, tulia. Ni damu ya ng'ombe nimempa, na maziwa. Wamemkata nyama za pua, damu imemtoka. Si lazima irudi?"

Kwao ndivyo, mtu aliyekatwa hunyweshwa damu. Najua ni mapenzi. Lakini ningejuaje kama yote ile ni ya ng'ombe?

Tulimkimbiza hospitali. Aibu ilinishika kutaja kibuyu, lakini nikataja. Daktari akamulika koo, akasema kidonda hakijafunguka, ila tumwangalie sana leo.

Sasa tuko nyumbani, mtoto amelala, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua, jambo alilokuwa hawezi kabla ya operesheni. Mama mkwe nimemwambia akapumzike, amekataa. Ameketi kando ya kitanda na beseni safi mapajani. Mtoto akikohoa kidogo tu, analisogeza.