Konsey ya Chuo Kikuu na Bukari Yangu ya Kwanza

Mume wangu,

Acha niliseme tena, maana neno hilo bado linanilevya: mume wangu, mwalimu wangu, uliyepanda treni ya Lubumbashi kwenda mafunzoni kabla manukato ya arusi hayajatoka kwenye shuka zetu. Kamina yote inaniuliza habari zako. Mimi nauliza ukuta.

Unaikumbuka siku yetu? Ulikuwa mzuri ndani ya ile suti mpaka nikaumwa kichwa. Na desturi ilinitesa: bibi-arusi hacheki, lazima akunje uso, watu wasije wakasema alikuwa na haraka ya kuolewa. Na mimi haraka nilikuwa nayo! Ukaninong'oneza, "Sheri wangu, usicheke. Miye nasimama kidogo." Nikadhani utaniimbia.

Kumbe ulikuwa umeona muujiza. Wajumbe wote wa konsey ya chuo kikuu, lile baraza ambamo wewe unawakilisha walimu wa shule za serikali, walikuwa wamekaa pamoja. Kwenye vikao hawafiki hata nusu, na bila nusu hakuna kura. Kwenye kuku walifika wote. Ukashika maikrofoni, ukawaomba wapitishe palepale pendekezo lako: wanafunzi wa ualimu wa mwaka wa mwisho waje kufundisha katika shule zetu za msingi. Tangu masomo yawe bure, watoto wamefurika darasani kwako na mwalimu ni wewe mmoja. Unarudi nyumbani jioni umekauka sauti.

Papa Prezida wa konsey akafuta mdomo, akasimama. "Banani banakubali?"

Mikono ikapanda: ya wajumbe, ya wapishi, ya shangazi zangu wote. Mama yangu akanyoosha miwili. "Kama iko ya batoto, siye bote tunakubali!" Vigelegele! Nami nikacheka, mpenzi, mbele ya ukoo mzima, meno yote nje.

Treni yako ilipoondoka tu, Papa Prezida akaifuta kura ile. "Mama mukwe hayuko mu konsey," akasema, "na bapishi pia habako." Akaitisha kikao kipya, akaonya kwamba wajumbe wasipotimia, pendekezo linakufa. Nililia. Nilijua hawatatimia.

Ndipo nikakumbuka bukari ya kwanza ya bibi-arusi, ule ugali anaoupika mara ya kwanza akiwa mke wa mtu. Mtu akialikwa kuila hakatai, maana kukataa ni kuutukana ukoo. Nikamwalika kila mjumbe, nikapika bukari, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Bukama, nikavipeleka kwenye chumba cha kikao. Wakaja wote! Hata yule profesa ambaye malaria yake huamka siku za vikao tu. Nikasimama mbele ya sufuria.

"Madame, tukule basi," akasema Papa Prezida.

"Kwanza kura, Papa."

"Hii iko shantaje! Unatulazimisha na chakula!"

"Hapana, Papa Prezida. Hii iko bukari, na iko napola."

Wakapiga kura. Shangazi Kabedi, aliyenisaidia kubeba sahani, nilimwambia aikalie mikono yake. Profesa alinyoosha mkono mmoja huku wa pili umeshafika kwenye kifuniko cha sombe. Hakuna aliyepinga. Imepita, mpenzi wangu, imepita!

Jumatatu nilipita shuleni kwako. Darasa limegawanywa, wasichana wawili wa chuo kikuu wanafundisha, na kila mtoto amepata mahali pa kukaa. Nilisimama pale nikikutamani mpaka mlinzi akaniuliza kama ninaumwa.

Ni mama yako tu asiyefurahi. Anasema hajawahi kusikia mume ambaye bukari ya kwanza ya mke wake imeliwa na konsey, tena Papa Prezida akaomba kuongezewa. Usikasirike, roho yangu. Nilikuwa natetemeka, ikajaa madonge. Hayo madonge waache wayale wao. Wewe rudi haraka ule ya mwanamke aliyekwisha kuzoea.

Mke wako, kwa kura zote