Aliyemwinua Baba

Tabaka,
Jumanne jioni

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu tele. Natumaini wewe, Gladys na mtoto mchanga hamjambo huko Nyamira, na kwamba Gladys anakula zile ndizi ulizobeba, si kuzitazama tu. Huku sisi ni wazima, na mwanao Duke anakusalimu sana.

Mama, nimeamua kuandika kwa sababu simu ya Gladys husikilizwa na nyumba nzima, na haya si ya spika.

Unajua tangu jiwe limwangukie Baba machimboni hawezi kuinama kuchonga. Daktari alimtuma kwenye darasa langu la yoga, pamoja na majeruhi wengine. Alikataa katakata, akauliza ni wapi mzee amelala chali mbele ya mke wa mwanawe. Sikumlaumu, chinsoni ni chinsoni, miiko ya haya kati ya wakwe haivunjwi, na heshima ya baba mkwe haichezewi. Ndipo Onsongo, yule wa bodaboda aliyevunjika mguu, akashauri tutundike shuka. Baba na Onsongo wakawa upande wa pili, mimi nafundisha kwa mdomo, na Onsongo ananieleza Mzee anavyofanya. Kila nikiuliza, jibu ni lile lile: Mzee yuko sawa kabisa. Kumbe Baba anajikunja vibaya, na mimi huku namsifu!

Jumanne iliyopita mgongo ulimkamata akiwa kifudifudi. Nilimsikia akilia, Mama. Baba, kulia!

Alikuambia kwamba Onsongo ndiye aliyemwinua. Onsongo ana plasta hadi pajani. Hawezi kuinua hata kuku. Ni mimi. Nilipita shuka, nikamshika kiunoni kwa mikono yangu hii, nikamgeuza polepole mpaka maumivu yakamwachilia. Muda wote alijifunika uso kwa kofia, kisha akamshukuru Onsongo kwa sauti kubwa. Nimevunja adabu ya nyumba yako, nisamehe. Ila kujuta, nimeshindwa.

Nilidhani hatarudi tena. Leo amefika kabla ya wote, akalala upande wake, na tulipokaribia kumaliza akasema kwa sauti ili nisikie: "Onsongo, hebu nishike pale pale uliponishika siku ile. Palinisaidia."

Nimesingizia kwamba muda umekwisha. Mama, mume ni wako. Mpe aliyekuletea barua hii neno moja tu, nami Jumanne ijayo nitajua kama nipite shuka au nibaki upande wangu.

Nibusie mtoto. Tumekukumbuka.

Mkaza mwanao akupendaye,
Esnah