Mashine Aliyoichagua Baba

Kaka yangu,

Sisi hatujambo. Paka amehamia juu ya amplifaya, kwenye joto.

Zile mashine mbili za muziki wa mtandaoni, duka limetuazima tuzijaribu nyumbani. Ulisema aamue Baba, maana sikio la fundi wa kulinganisha vinanda kama yeye halidanganyiki. Basi jana jioni tuliketi, mimi nikimwelekea. Ya kwanza ilikuwa safi tu. Ya pili, kaka, sauti ilijaa chumbani taratibu kama maji mtungini. Mwimbaji alivuta pumzi kana kwamba yuko karibu na shavu langu, nami nikafumba macho.

"Hii," Baba akasema. "Hata usiulize."

Wimbo ulikwisha. Yeye akaendelea kutikisa kichwa, polepole, kwa furaha. Nikazunguka nyuma ya kiti chake, nikamwita. Nikamwita tena, kwa sauti zaidi; hakugeuka.

Nilipomgusa bega alishtuka, kisha akatabasamu.

"Usimwambie kaka yako," akasema. "Nilikuwa nautazama uso wako."

Nunua hiyo ya pili. Kila jioni nitamwashia, halafu nitakaa pale pale mbele yake, penye mwanga.

Ni mimi,
mdogo wako