Anwani ya Kishikwambi cha Bibi

Chumba cha uani,
Nyumbani.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani? Lile goti limepoa? Huku sote wazima wa mwili. Nakutumia barua hii kwa simu ili uisome kabla hujampigia Bibi.

Uliponiuliza mbona hapatikani siku za Jumapili, nilikujibu kwamba mtandao wa huku unasumbua. Msumbufu nilikuwa mimi.

Unajua nimeanza kozi ya mitandao ya kompyuta. Tulifundishwa kwamba kila kifaa ndani ya nyumba kina anwani yake, yaani namba, na kwa kawaida ruta, kile kisanduku cha intaneti, ndiyo inayozigawa. Mimi, kwa kimbelembele, nikaipa kompyuta yangu anwani ya kudumu bila kuangalia kama ina mwenyewe. Kumbe ni ya kishikwambi cha Bibi. Kila Jumapili nilipowasha kompyuta nijisomee, kishikwambi chake kilikatika mtandao.

Alikuwa anajifunga kitambaa chake kizuri, anakaa sebuleni kukusubiri. Simu yako haiingii. Mwisho akamwambia Baba, "Dada yako ameshapata watu wengine wa kuongea nao."

Alhamisi mwalimu alitutania darasani: "Nyumba mbili, namba moja. Mleta barua afanyeje?" Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikakumbuka kompyuta yangu na kishikwambi cha Bibi.

Nilirudi nikarekebisha kimyakimya. Nilidhani yamekwisha. Lakini jana, nilipomwashia kishikwambi, Bibi alikisukuma pembeni. "Kizime. Sibembelezi mtu."

Shangazi, ningeweza kumwambia ukweli pale pale. Nilikizima.

Asubuhi hii nimemkuta anakunja nguo, nikamweleza yote. Alikunja shuka zima kabla ya kunijibu. "Wiki zote hizi namsema vibaya mwanangu, nawe umekaa hapo unanisikiliza?"

Naomba unisamehe kwa kukudanganya. Na tafadhali usimwambie kwamba uliumia. Amejua.

Nisalimie wanao, na yule mumeo mpole tunayemwita Spika kwa kuwa haongei. Baba na Mama wanakusalimu. Mungu akutunze ugenini, akulainishie moyo juu yangu.

Bibi ameketi na kishikwambi mapajani tangu asubuhi, hataki nikiguse. Nimemwambia uko kazini. Amesema atasubiri.

Akupendaye, kwa haya nyingi,
Binti wa kaka yako