Mungu Hakumpendea Mguu

Mbweni, Unguja

Dada Fides, shikamoo.

Huku mvua za vuli zimeanza, na mshelisheli wetu umezaa mpaka tunagawa. Mume wangu Damiani karudi kutoka hospitali. Sukari ilimharibu mguu wa kulia, wakaukata gotini.

Siku ile ile jirani yetu Bi Hind alimletea uji wa pilipili manga. Damiani akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa furaha kama mtu aliyepewa zawadi. Bi Hind akashindwa kujizuia.

"Samahani, mwanangu. Unashukuru nini, na mguu huna?"

"Mungu hakunipendea mguu, Bi Hind."

Bibi wa watu akasema, "Alhamdulillahi," akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Mimi nkabaki najiuliza, shukrani hiyo anaitoa wapi? Jana nikimfunga kidonda nkamuuliza, "Kwani wewe huogopi?"

"Naogopa sana, Agripina. Lakini hata nikiogopa, nimo mikononi mwake."

Nlikuwa sijasali tangu wamkate. Nkaweka bendeji chini, nkamshika mkono, nkamwambia Mungu asante. Sauti ilitetemeka, dada, lakini ilitoka.

Ni mimi mdogo wako, ninayekukumbuka,
Agripina